Shajara ya mradi: mabaki ya mkonge, makaa ya mawe na kilele cha nyuzijoto 700

Tanga, 4 Machi

Leo tumeanza rasmi. Swali lililotuingiza katika kazi hii liliulizwa na mchoma chokaa mmoja wa hapa Tanga, ambaye hununua makaa ya mawe yanayoletwa kwa malori kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, na ambaye kila akipita kando ya mashamba ya mkonge huona vilima vya mabaki vikioza bila mwenyewe. Alitaka kujua kama mabaki hayo, yakikaushwa, yanaweza kuchanganywa na makaa ya mawe katika tanuri lake, na kwa kiasi gani. Singa, yaani nyuzi ndefu, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi la mkonge, na yote yaliyosalia, yaani maji, nyama ya jani na vipande vifupi vya nyuzi, hutupwa na korona, mtambo wa kutenganisha singa na jani. Mkonge umelimwa katika mkoa huu tangu Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893, na Hale, wilayani Korogwe, umewahi kujengwa mtambo wa kuvundika mabaki hayo ili kupata biogesi. Kwa hiyo thamani ya mabaki si habari mpya. Sisi tunachotaka kukijua ni tabia yake yakitiwa moto.

Wengi hudhani kwamba kuni au makaa huwaka yenyewe kama yalivyo. Kwa kweli kitu kigumu kikipata joto huvunjika kwanza: minyororo mirefu ya molekuli hukatika, gesi na mvuke wa lami hutoka, na kinachobaki ni mkaa na majivu. Mwali tunaouona ni gesi hizo zikiungua nje ya kitu chenyewe, na mkaa huja kuungua baadaye, polepole, bila mwali mkubwa. Kuvunjika huko kwa joto pasipo oksijeni ndiko kunakoitwa pirolisisi, na anayetaka kujua mchanganyiko wa mkonge na makaa ya mawe utawakaje hana budi kujua kwanza kila kimoja huvunjika katika joto gani, kwa kasi gani, na kutoa nini.

11 Machi

Mizani imesimama. Wazo lenyewe ni la zamani: Kotaro Honda wa Japani aliunganisha mizani na tanuri mwaka 1915, na mitambo ya kisasa hufuata kanuni ileile, yaani kupima uzito wa sampuli huku joto likipanda hatua kwa hatua. Mtambo wa kununua hatuna uwezo nao. Tumechukua mizani ya maabara inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya miligramu, yenye ndoano chini yake, tukaiweka juu ya meza ya zege, na kutoka kwenye ndoano tumening'iniza waya mwembamba unaoshuka hadi katikati ya mrija wa kwatzi. Mwisho wa waya kuna kikombe kidogo cha kauri chenye sampuli ya miligramu 200. Mrija umezungukwa na tanuri lililosukwa kwa waya wa nikromu, na themokapo ya aina ya K, yaani kipimajoto cha nyaya mbili, inakaa milimita chache chini ya kikombe bila kukigusa.

Fundi aliyesuka tanuri ameniuliza mara mbili, "Mwalimu, kwa nini tusitie gramu 20 tukamaliza kazi mara moja?" Swali lake ni la haki. Sampuli kubwa haipati joto kwa usawa: nje inakuwa nyuzijoto 400 wakati ndani bado ni 300, na mchoro utakaopatikana utaeleza namna joto linavyopenya badala ya namna mada inavyovunjika. Hata miligramu 200 ni nyingi ukilinganisha na miligramu 10 zinazotumika katika mitambo midogo ya viwandani, ila kwa mizani yetu tukipunguza zaidi hatutasoma kitu cha kutegemewa.

19 Machi

Wiki nzima imekwenda katika makosa mawili, na yote mawili nayaandika kwa kirefu kwa sababu mtu mwingine akijenga mizani ya namna hii atakutana nayo.

La kwanza lilikuwa lami. Tulipochoma kifuu cha nazi kwa majaribio, uzito ulishuka vizuri hadi nyuzijoto 300 hivi, kisha ukaanza kupanda, jambo lisilowezekana kwa kitu kinachovunjika ndani ya naitrojeni, gesi tunayoipitisha mrijani ili kuizuia oksijeni. Baada ya kuzima na kupoza tuliukuta waya umevaa utando mweusi unaonata kwenye sehemu yake ya juu, nje ya tanuri. Mvuke wa lami ulikuwa unapanda na joto, unakutana na waya uliopoa, unaganda hapo, nasi tunaupima tena kana kwamba haujatoka. Tumegeuza mkondo wa gesi: sasa naitrojeni inaingia juu, inateremka kupita kikombe, na moshi wote unasukumwa chini hadi kwenye chupa yenye maji, kisha nje kwa bomba linalotokea dirishani. Bomba hilo si la hiari, maana moshi huo una kaboni monoksaidi, nayo haina harufu.

La pili lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kuliona. Kikombe kitupu kilionyesha kuongezeka uzito kadiri joto lilivyopanda. Sababu ni kwamba gesi iliyokizunguka kikombe hukibeba kidogo, kama maji yanavyobeba mtumbwi. Naitrojeni yenye joto la chumba ina uzito wa karibu miligramu 1.15 kwa kila sentimita moja ya ujazo, lakini ikifika nyuzijoto 900 hubaki na miligramu 0.29 hivi, na hapo nguvu ya kubeba hupungua. Kikombe chetu, chenye ujazo wa karibu nusu sentimita, huonekana kimeongezeka miligramu 0.4. Tangu leo hakuna sampuli itakayopimwa bila kupima kikombe kitupu kwanza, kwa mwendo uleule wa joto, na kutoa tofauti.

2 Aprili

Kupima kipimo. Themokapo inasoma joto la mahali ilipo, nasi tunataka joto la sampuli, kwa hiyo tumetumia njia mbili za kuhakiki. Ya kwanza ni kipande cha waya wa nikeli kikombeni na sumaku nje ya mrija: nikeli huacha kuvutwa na sumaku inapofika karibu nyuzijoto 358, na mizani huonyesha mruko wa ghafla mahali hapo. Themokapo yetu ilisoma 364. Tutaondoa nyuzi 6.

Ya pili ni kalsiamu oksaleti yenye maji, unga mweupe ambao kila maabara ya aina hii huweka chupa yake, kwa sababu huvunjika kwa hatua tatu zinazojulikana vizuri. Kwanza hutoa maji, asilimia 12.3 ya uzito wake, chini ya nyuzijoto 200. Kisha, kati ya 400 na 520 hivi, hutoa kaboni monoksaidi, asilimia 19.2, na kugeuka kalsiamu kaboneti. Mwisho, kati ya 600 na 800, kaboneti hiyo hutoa kaboni dioksaidi, asilimia 30.1, na kinachobaki ni kalsiamu oksaidi, yaani chokaa. Tulipata 12.5, 19.0 na 29.8. Nimefurahi sana. Chupa nimeirudisha rafuni, mstari wa mbele.

16 Aprili

Masika imeshika. Sampuli iliyokaushwa kwa nyuzijoto 105 hunyonya unyevu wa hewa katika dakika chache za kuitoa kwenye chombo cha kukaushia na kuifikisha kikombeni. Tumeamua kila jaribio likae kwenye nyuzijoto 110 kwa dakika 20 ndani ya naitrojeni, na uzito wa hapo ndio uhesabiwe kuwa asilimia 100.

Umeme umekatika mara mbili katikati ya majaribio. Mara ya pili hewa iliingia mrijani sampuli ikiwa bado moto, mkaa ukaungua wote. Majaribio yote mawili yamefutwa daftarini.

29 Aprili

Pamba. Nimeichagua kwa sababu karibu yote ni selulosi, mada inayojenga kuta za seli za mimea, na selulosi ndiyo mada iliyochunguzwa kuliko zote katika fani hii. Tukijua pamba yetu inafuata njia inayotarajiwa, tutaweza kuamini tutakayoyaona kwenye mkonge.

Tumeichoma kwa mwendo wa nyuzijoto 5 kwa dakika, kisha 10, kisha 20, na badala ya kuchora uzito wenyewe tumechora kasi ya uzito kupungua, ili pale mada inapovunjika kwa haraka zaidi pajitokeze kilele. Vilele vilikaa kwenye 330, 340 na 351. Kusogea huko hakumaanishi kwamba selulosi imebadili tabia. Joto likipanda upesi, mada haipati muda wa kumaliza kuvunjika kabla joto halijafika mbele zaidi, na ndiyo maana kilele huchelewa. Katika kuchelewa huko mna habari ya thamani. Kanuni ya Arrhenius, ya mwaka 1889, inaunganisha kasi ya mmenyuko na joto kupitia kizingiti cha nishati ambacho molekuli lazima zikivuke, na Kissinger mwaka 1957 alionyesha jinsi ya kukikadiria kizingiti hicho kwa kuangalia vilele tu. Kwa vilele vyetu tumepata takriban kilojuli 196 kwa moli, thamani inayokaa vizuri miongoni mwa zile zinazotajwa kwa selulosi.

Hapa nataka kutulia kidogo, kwa sababu namba hii huandikwa na watu wengi kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Nimejaribu kuhesabu upya nikidhani kwamba kilele cha mwendo wa 20 kiko nyuzi 2 tu pembeni ya pale tulipokisoma. Kikiwa 349, kizingiti kinapanda hadi 217 hivi; kikiwa 353, kinashuka hadi 179. Nyuzi 2 zinaleta tofauti ya kilojuli zaidi ya 15 kila upande! Fundi, ambaye tangu mwanzo wa mwezi aliona zile nyuzi 6 za nikeli kuwa ni ushupavu wangu, ameiangalia hesabu hiyo kwa muda mrefu, kisha akaenda kukaza upya kishikizo cha themokapo bila kuambiwa.

13 Mei

Makaa ya mawe. Yamesagwa, yamechekechwa, yamekaushwa. Tofauti yake na pamba inaonekana hata kwa asiyezoea kusoma michoro. Pamba huanguka kama mtu aliyeteleza genge. Makaa ya mawe hushuka kama anayekwenda mteremko mrefu kwa kujihadhari. Hayakupoteza kitu cha maana hadi karibu nyuzijoto 380, kilele chake, tena kifupi na kipana, kilikuwa jirani na 450, na uzito uliendelea kupungua kidogo kidogo hadi 900.

Chanzo ni umbo la ndani. Selulosi ni mnyororo wa sukari ulioungwa kwa oksijeni, na kiungo hicho hukatika kwa joto la wastani, chote karibu kwa wakati mmoja. Makaa ya mawe yamekwisha kupitia joto na mgandamizo wa ardhi kwa mamilioni ya miaka, oksijeni nyingi imeshaondoka, na kaboni iliyosalia imejipanga katika pete zilizoshikamana. Madaraja yanayounganisha pete hizo hayafanani kwa nguvu: yaliyo dhaifu hukatika kwanza na kutoa lami, na baada ya nyuzijoto 600 pete zenyewe huanza kusogeleana na kutoa metani na hidrojeni. Ndiyo sababu mimea kwa kawaida hutoa asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake mkavu kama gesi na lami, wakati makaa ya mawe ya daraja la bituminasi hutoa 20 hadi 40 tu.

27 Mei

Mkonge, hatimaye. Mabaki tumeyachukua korona yakiwa bado na maji, tukayaanika siku nne kati ya mvua na mvua, tukayasaga.

Sehemu ya kwanza ya mchoro ni kama tulivyotarajia kwa mmea. Kuna bega kati ya nyuzijoto 220 na 315, mahali pa hemiselulosi, ndugu dhaifu wa selulosi, na baada yake kilele kirefu cha selulosi; lignini, mada ngumu inayogandisha nyuzi za mmea pamoja, haina kilele chake, inavunjika kidogo kidogo kuanzia chini ya 200 hadi mwisho kabisa. Kilele cha selulosi kimekuja mapema kuliko cha pamba, kwenye 325 kwa mwendo wa 10. Sikushtuka, kwa kuwa potasiamu iliyomo kwenye mimea huharakisha kuvunjika kwa selulosi na huongeza mkaa.

Kilichonishtua ni kilele kingine, kidogo lakini safi, karibu na nyuzijoto 700. Katika joto hilo mkaa wa mmea unapaswa kuwa umetulia. Uzito ulishuka hapo kwa asilimia 2.4 ya uzito mkavu. Si nyingi, lakini wakati huo kikombeni hubaki robo tu ya sampuli, kwa hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya kilichobaki. Tumerudia mara tatu, na mara zote tatu kimekuja palepale.

3 Juni

Nimeandika katika daftari la rafu kwamba kilele hicho ni lignini ngumu ikijipanga upya. Naiacha kumbukumbu hiyo hapa ingawa leo sikubaliani nayo. Nilichoma usumba wa nazi, ambao una lignini nyingi kuliko mabaki ya mkonge, na kwenye 700 haukuonyesha kilele chochote. Kama lignini ingekuwa sababu, usumba ungekuwa nacho kikubwa zaidi.

Dhana ya pili ni mawe ya chokaa. Ardhi ya Tanga imejaa mawe hayo, na mapango ya Amboni yamechongwa ndani yake. Maji ya kuoshea korona na vumbi la barabarani vyote vinaweza kubeba kalsiamu kaboneti hadi kwenye mabaki. Kaboneti huvunjika katika joto hilohilo. Dhana hii inaniridhisha zaidi, lakini ina maana mbaya kwetu, kwamba sampuli zetu ni chafu na kazi ya mwezi mzima inahitaji kurudiwa.

9 Juni

Nimekwenda kuchukua sampuli mpya, safari hii majani mazima, ili niyaoshe mwenyewe kwa maji yaliyotoneshwa. Aliyenikatia ni mzee aliyefanya kazi ya korona tangu ujana wake. Nilipoanza kupasua jani kwa mikono mitupu alinizuia.

"Vaa glavu, mwanangu. Utomvu huo unawasha. Sisi wa korona tulikuwa tunaamka usiku tunajikuna."

Nilimwambia, "Shikamoo kwa mara ya pili, mzee, maana umeniokoa," kisha nikamuuliza unawasha vipi, kama upupu au kama pilipili.

"Hapana. Kama gimbi bichi. Vijisindano."

Nimerudi mjini na neno hilo kichwani. Kila mpishi wa pwani anajua kwamba magimbi mabichi huwasha, na sababu inafahamika: ndani ya seli zake mna fuwele nyembamba, zenye ncha kali, za kalsiamu oksaleti. Jamii ya mikonge nayo hutengeneza fuwele za namna hiyo. Nilipofika maabara sikuwasha taa kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu, mstari wa mbele, kwenye ile chupa ya tarehe 2 Aprili. Tulikuwa tumepima kipimo chetu kwa mada ileile ambayo mmea umejitengenezea, na bado tukakosa kuitambua ilipotokea mahali tusipoitegemea.

12 Juni

Dhana sasa ni mbili na zinatofautiana vizuri. Kama kilele kinatokana na vumbi la mawe ya chokaa, kaboneti imo tangu mwanzo. Kama kinatokana na oksaleti ya mmea, kaboneti haimo kwenye jani bichi, bali huzaliwa ndani ya tanuri baada ya kupita nyuzijoto 500. Siki inatosha kuamua kati yao. Asidi ya siki hutoa mapovu ikikutana na kaboneti, ilhali oksaleti ya kalsiamu haisumbuki nayo.

Tumechukua vikombe vitatu: mabaki makavu yasiyochomwa, mkaa wa mabaki hayo uliotengenezwa ndani ya naitrojeni hadi nyuzijoto 550, na unga wa jiwe la chokaa kama shahidi. Mabaki na mkaa vimechemshwa kwanza kwa maji, kwa sababu kitu chenye vitundu vingi hutoa mapovu ya hewa kikilowa, nasi hatukutaka kudanganywa na hewa. Jiwe lilitoa mapovu mara moja. Mabaki yasiyochomwa yalikaa kimya. Mkaa ulianza kutoa mapovu madogo, mengi, yaliyoendelea kwa dakika kadhaa.

Sampuli zetu hazikuwa chafu.

20 Juni

Uthibitisho wa upande wa pili. Mabaki yaliyolowekwa usiku kucha kwenye asidi hidrokloriki hafifu na baridi, ambayo huyeyusha oksaleti, kisha yakasuuzwa hadi maji yasiwe na uchachu, yamechomwa leo, na kilele cha 700 hakipo. Jambo la pili limejitokeza pia: kilele cha selulosi kimesogea kutoka 325 hadi 338, karibu kabisa na cha pamba, na mkaa uliobaki umepungua. Asidi imeondoa potasiamu pamoja na kalsiamu. Mtu anayeosha sampuli zake ili "zisafike" kabla ya kuzichoma anapaswa kujua kwamba hapimi tena mmea ule aliouchuma shambani.

Kwa hesabu, asilimia 2.4 iliyopotea kwenye 700 inamaanisha kwamba oksaleti ilikuwa karibu asilimia 8 ya uzito mkavu. Basi kati ya 400 na 520 lazima kuwe na kaboni monoksaidi yake pia, karibu asilimia 1.5, iliyojificha chini ya mkia wa lignini. Tukiijua hivyo, hata umbo la mkia huo linaeleweka.

1 Julai

Nimekaa na majedwali siku tatu, na jambo hili naona ndilo zito kuliko yote tuliyoyapata, ingawa halina mchoro wa kupendeza.

Mnunuzi wa nishati huomba namba nne: unyevu, sehemu inayotoka kama gesi, majivu, na kaboni inayobaki. Tatu za kwanza hupimwa. Ya nne hupatikana kwa kutoa zile tatu kutoka 100. Sehemu ya gesi hupimwa kwa kuweka sampuli kwenye nyuzijoto 900 kwa dakika 7 ndani ya chombo kilichofunikwa. Majivu ya mimea, kwa kanuni za kimataifa, hupimwa kwenye 550, wakati majivu ya makaa ya mawe hupimwa kwenye 815. Sasa angalia kinachotokea kwa mkonge. Kwenye 900 kaboneti huvunjika, na kaboni dioksaidi yake huhesabiwa kuwa sehemu ya gesi. Kwenye 550 kaboneti bado nzima, na kaboni dioksaidi ileile huhesabiwa mara ya pili kuwa ni majivu. Imetolewa mara mbili kutoka kwenye 100, na anayeumia ni kaboni inayobaki.

Kwa mabaki yetu makavu, gesi ilikuwa 78 na majivu ya 550 yalikuwa 12, kwa hiyo kaboni inayobaki ilitoka 10. Ukirekebisha hesabu hiyo ya mara mbili, ni 12.4, yaani karibu robo zaidi. Kwa upande mwingine, 2.4 kati ya ile 78 ni gesi isiyowaka, na kuivunja kaboneti kunakula joto, kilojuli 178 hivi kwa kila moli. Kwa hiyo mkaa wa mkonge ni bora kuliko namba zilivyosema, na gesi yake ni duni kuliko namba zilivyosema, na yote mawili yametokana na vipimo vilivyofuata kanuni sawasawa. Kutumia 815 kwa vyote si dawa pia, kwa sababu katika joto hilo sehemu ya chumvi za potasiamu huanza kutoroka. Nimeamua majedwali yetu yaonyeshe majivu ya joto zote mbili, na kaboneti iandikwe katika safu yake peke yake.

10 Julai

Mchanganyiko. Tumechoma mkonge na makaa ya mawe kwa uzito wa robo kwa robo tatu, kisha nusu kwa nusu, na kulinganisha kila mchoro na ule unaopatikana kwa kujumlisha tu michoro ya kila kimoja kwa uwiano wake. Michoro imelaliana ndani ya kosa la mizani yetu. Zipo taarifa nyingi zinazodai kwamba mmea huyasukuma makaa ya mawe kuvunjika zaidi, na nilitamani kuliona hilo, lakini katika vifaa hivi sikuliona. Sababu naiona wazi: kwa mwendo wa nyuzijoto 10 kwa dakika, gesi nyingi ya mkonge imekwisha kutoka na kufagiliwa na naitrojeni kabla makaa ya mawe hayajaanza kufunguka. Vitu viwili visivyokutana haviwezi kusaidiana. Katika tanuri halisi, ambamo bonge hutupwa penye moto mkali na kupata joto kwa ghafla, huenda vikakutana, na mizani yetu haina haki ya kulisemea tanuri hilo.

Mchoma chokaa amekuja mchana kuchukua majedwali. Nilimweleza kuhusu ile safu ya kaboneti na nikamwomba radhi, kwa kuwa namba nilizompa mwezi Mei kwa mdomo hazikuwa sahihi. Alisoma kwa makini, akaweka kidole kwenye mstari wa majivu, akauliza, "Hii kalsiamu inayobaki mwishoni, si chokaa?" Ndiyo, ni chokaa. "Basi kwangu mimi hiyo si taka." Kwa potasiamu iliyobaki pamoja nayo jibu ni tofauti, maana katika joto la tanuri lake chumvi hizo hulainisha majivu yakashikana na kugeuka mawe ya kioo kwenye kuta za matofali. Tumekubaliana aanze na sehemu moja ya mkonge kwa tisa za makaa ya mawe, na baada ya kila uchomaji aniletee kipande cha utando unaoshika ukutani. Cha kwanza anatarajia kukileta Jumatatu. Kikombe chake nimekwisha kukipima kikiwa kitupu.